Kiangazi cha Wachina, Baridi ya Kilungu

Mumbua binti yangu, mama yangu mdogo,

Salamu sikupi. Tumesalimiana asubuhi, tukasalimiana tena uliponiletea chai ya tangawizi, na sasa hivi nakusikia huko nje ukigombana na kuku. Mtu anayesalimia watu mara tatu kwa siku ni mwanasiasa, na mimi sijafika huko, ingawa uwezo ninao.

Ninaandika nikiwa nimelala chali kitandani, karatasi juu ya kitabu cha nyimbo cha mama yako, adhuhuri kabisa, kwa sababu ndiyo amri yako: "Baba, saa tano mpaka saa saba ni saa ya moyo, lala." Nimelala. Hukusema nisiandike.

Jana nilikuwa nyuma ya jiko natafuta jembe, nikakusikia ukimwambia mama yako, "Mama, mimi siendi."

"Huendi wapi?"

"Uchina. Joto la Septemba linakuja. Baba ameanguka wakati wa baridi, sasa jua likianza itakuwaje? Nani atamshika mshipa?"

Mama yako alikoroga ugali tu. Yule mwanamke akinyamaza na mwiko mkononi, ujue jambo limemwingia. Mimi nami sikuingia. Ningeingia ungelia, ukilia ningesema basi baki, na tungekuwa tumeharibu maisha yako kabla ugali haujaiva. Ndiyo maana naandika. Kwa mdomo unanishinda, lakini kwa kalamu, hata na hii elimu yangu ya darasa la sita na nusu, machozi yako hayanifikii.

Mambo ya sweta, maji ya kuchemsha na vijana wa mjini ameshakueleza mama yako, na najua umesikia nusu. Mimi nataka kukuambia habari za moyo huu ambao unakataa kuuacha. Ni wangu. Nina haki ya kuusemea.

Unadhani unaijua hadithi ya Daktari Lin. Unaijua ile ninayowapa watu sokoni Kasikeu, ambayo ndani yake mimi ni simba. Leo nakupa yote.

Nilienda kufanya kazi kwenye kampi ya Wachina wa barabara, kule chini karibu na Makindu, wewe ukiwa bado huna meno ya mbele. Nilikuwa kijana wa kuogopwa. Wenzangu walibeba mfuko mmoja wa simiti na kulalamika. Mimi nilibeba miwili, mmoja kila bega. Hakuna aliyeniomba. Nilibeba kwa sababu watu walikuwa wanaangalia. Basi siku moja ya Februari, jua limesimama juu ya kichwa, nikaona giza lenye nyota, nikaenda chini na simiti yangu yote.

Nilipozinduka nilikuwa chini ya turubai. Mwanamke mfupi wa Kichina alikuwa amenishika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, amefumba macho kama anayeomba. Wenzangu wamejaa mlangoni.

"Mutinda amechumbiwa!" mmoja akapiga kelele.

"Mwambieni kwetu mahari ni mbuzi, mchele hatutaki!"

"Nyamaza nyinyi," yule mama akasema kwa Kiswahili chake, bila kufumbua macho. "Mimi nasikiliza." Kisha akaniambia, "Toa ulimi."

Nikautoa. Aliukagua kama mtu anayetaka kununua ng'ombe na hamwamini mwenye ng'ombe. "Moyo yako inakimbia, halafu inasahau njia, halafu inakimbia tena. Nani alikwambia beba mbili?"

"Mimi mwenyewe."

"Huyo mtu ni mjinga. Usimsikilize tena."

Huyo ndiye Daktari Lin. Alinipa kikombe cha maji ya rangi ya majani yaliyochujwa. Nikajua sasa naonja dawa ya siri kutoka milima ya Uchina, na nikaanza kupanga nitakavyowaringia watu. Nikaonja. Mumbua, ilikuwa ndengu! Maji ya ndengu zilizochemshwa, hizi hizi zetu.

"Daktari," nikamwambia, "hiki ni chakula. Kwetu tunakula na mahindi ya muthokoi. Umetoka mbali hivyo kuja kunipa ndengu?"

"Nyinyi mnakula ndengu, maji mnamwaga. Wakati ya joto, maji ndiyo kwanza. Kunywa."

Na sikiliza hili vizuri, kwa sababu watu wakisimulia huliruka. Siku iyo hiyo alinipandisha kwenye lori akanipeleka hospitali. Nikamuuliza kwani ndengu zimeshindwa? Akasema, "Mimi naweza kupoza moto. Mlango mbovu siwezi kushona. Hospitali mbele, mimi nyuma." Kweli, daktari wa hospitali akanipima, akasema mlango mmoja wa moyo haufungi sawasawa, damu inarudi ilikotoka. Akanipa vidonge vya kumeza kila siku maisha yangu yote. Daktari Lin hakuwahi kuniambia niviache. Hata mara moja.

Alichonipa yeye ni namna ya kuishi na mlango wenyewe. Nilikuwa naenda kwake wakati wa mapumziko ya mchana, na badala ya kulala tunabishana. Kwao wanasema moyo ni moto, na majira ya joto ndiyo majira yake. Hapo ndipo moyo unafanya kazi sana na kuchoka upesi. Kwa hivyo wakati wa joto unaamka na ndege, unamaliza kazi nzito kabla jua halijakasirika, mchana unalala, unakula vitu vya maji na vya uchungu kidogo, na hukasiriki ovyo. Wakati wa baridi unafanya kinyume. Unalala mapema, unangoja jua ndipo utoke, unakunywa supu na tangawizi, unafunika kifua na miguu. Mwili ufuate hewa, basi. Nilimwambia hata ng'ombe wetu wanajua hayo. Akasema, "Ndiyo. Wewe uko nyuma ya ng'ombe."

Akanipa kalenda ya kwao, ya picha. Kwa mtu wa darasa la sita na nusu, picha ni neema. Mwezi wa kwanza kulikuwa na mzee amejikunja kando ya moto, theluji imejaa nje. Mwezi wa saba kulikuwa na jua jekundu na mtoto anakula tikiti maji. Sikuhitaji mkalimani.

Sasa, Julai ikaja, na mimi niko hapa nyumbani kwa sababu kampi ilinipa likizo nipumzike. Nikatazama kalenda. Jua jekundu! Mtoto na tikiti! Nikasema haya, majira ya moyo yamefika, na mimi ni mwanafunzi bora.

Unaijua Julai ya Kilungu. Unajua ule ukungu ambao unasikia ng'ombe akikohoa na humwoni. Katika ukungu huo, alfajiri, mimi nilisimama uani kifua wazi, nikinyanyua mikono polepole na kuishusha kama nilivyowaona Wachina wakifanya asubuhi. Mama yako akatoka na jerikeni, akasimama.

"Baba Mumbua, nguo zimekukosea nini?"

"Ni kiangazi."

"Wapi?"

"Kwenye kalenda."

Akaniangalia mpaka nikaona haya, akaenda zake mtoni. Mzee Mutisya, yule wa baraza la kanisa, alipita njia akaniona. Akavua kofia.

"Kijana, unaabudu nini hapo?"

"Naabudu mapafu, mzee."

"Hayo mapafu yatakujibu," akasema. Na Jumapili akaniombea mbele ya kanisa lote, akanitaja jina kamili na la baba yangu ili Mungu asikosee nyumba.

Unafikiri niliacha? Niliagiza matikiti kutoka Makindu, nikala baridi asubuhi na jioni. Nilihamisha kitanda nikakiweka barazani, nilale kwenye upepo. Wiki haikuisha vizuri kabla mapafu hayajajibu kweli kama alivyosema mzee. Kikohozi, homa, midomo ikageuka rangi ya zambarau. Majirani walinibeba na kitanda changu mpaka barabarani, mteremko wote ule, na Mzee Mutisya alishika mguu mmoja wa kitanda na hakuuachia. Wewe ulitembea nyuma umebeba kiatu changu kimoja. Hakuna aliyekuambia ukibebe. Kila aliyetaka kukupokea ulikataa. Hospitali ulikaa nacho mapajani mpaka daktari alipotoka akasema nitaishi.

Nilipopona nilishuka Makindu nimekasirika. Nilipitia hekaluni kwa Masingasinga, wanaolisha kila mpita njia bure, nikala chapati kwanza, maana hasira bila chakula haina sauti, kisha nikaenda kwa Daktari Lin nikatupa kalenda mezani. Nikamwambia dawa yako nusura iniue. Akauliza nilifanya nini. Nikamweleza: kifua wazi, tikiti, baraza.

Mumbua, alicheka mpaka akakaa chini. Akamwita mpishi wao, akamweleza kwa Kichina, mpishi naye akacheka mpaka akashika meza. Nami nimesimama hapo na hasira yangu, haina kazi. Halafu akajifuta macho, akanishika mkono akanitoa nje. Akaelekeza kidole juu.

"Mimi nilisema fuata nini?"

"Hewa."

"Hewa iko wapi?"

Nikaangalia juu. Mawingu ya kijivu, upepo wa baridi unatoka milimani.

"Hii karatasi ni hewa ya kwetu," akasema. "Wewe umeleta Julai ya mama yangu, umevaa wewe."

Tukakaa. Akaniambia sasa mimi nimfundishe mwaka wa kwetu, naye aandike. Nikamfundisha. Joto kali la Januari na Februari. Mvua ya Machi, watu wanapanda. Baridi na ukungu kuanzia Juni. Joto la Septemba na Oktoba, vumbi, kila mtu anatazama mashariki akitafuta wingu. Halafu mvua ya Novemba, ile tunayoitegemea sisi, mvua iliyokupa jina, wewe na mama yangu uliyerithi jina lake. Aliandika yote kwa yale maandishi yao ya vijumba. Kwa hivyo ukifika huko Uchina na ukute mahali wanajua habari za mvua ya Novemba ya Ukambani, ujue ni baba yako aliyefundisha, na uwaambie bado niko.

Na wewe unaenda kinyume na njia yangu. Huko Januari ni barafu. Utaamka siku moja mwili wako unasema Januari ni joto, ni tikiti, ni kulala mlango wazi. Mwili utakudanganya kama karatasi ilivyonidanganya mimi. Tazama dirishani ndipo uvae. Na mtu wa huko akikucheka, mwache amalize kucheka kisha umuulize. Mimi nilijifunza zaidi ile siku niliyochekwa kuliko miezi yote niliyokuwa najibu maswali vizuri.

Sasa tuje kwako, maana najua umeanza kuruka mistari ukitafuta mahali nitakapokutaja.

Nilikufundisha kushika mshipa ukiwa darasa la nne. Ulikuwa mchezo. Vidole vitatu chini ya kidole gumba, usibonyeze sana, sikiliza. Ulikuwa unasema, "Baba, leo unatembea," au "Baba, leo unaruka kama mbuzi." Wageni wakija nakuita uwaonyeshe, nami najisifu kuwa nina daktari wangu wa nyumbani, hata chifu hana. Nilipenda sana. Nilipenda mpaka sikuona mchezo ulipoacha kuwa mchezo. Mtoto anaenda kambi ya kanisa na anarudi siku ya pili kwa sababu eti Baba alikuwa na uso mwekundu. Msichana anaamka gizani anasimama mlangoni kwetu, hasemi kitu, anasikiliza kama napumua, anarudi kulala. Ulidhani nimelala? Nilikuwa macho. Nilikuwa napumua kwa nguvu ili usikie upesi ukalale.

Na ile siku ya mwezi uliopita, barua ya chuo cha Uchina ilipokuja. Nilicheza, nikaruka, nikambeba mama yako ambaye habebeki, nikaanguka kwenye mlango wa jiko. Tangu siku hiyo unanitazama kama wewe ndiye uliyenisukuma. Najua unachowaza, kwa sababu nilikufundisha mwenyewe kile alichosema Daktari Lin, kwamba hisia ya moyo ni furaha, na furaha ikija kwa kishindo huumwaga moyo kama maziwa yanavyomwagika yakichemka. Kwa hivyo umejihukumu: barua yangu ilimwangusha Baba.

Mumbua, vidonge vya hospitali vilikuwa vimeisha.

Viliisha karibu wiki mbili kabla. Nilijiona mzima, baridi ilikuwa nzuri, nalala mapema, nakunywa supu, nikasema mwamba kama mimi anaweza kungoja mpaka siku ya soko. Siku ya soko ikapita nikangoja nyingine. Daktari wa hospitali aliniuliza, nikamwambia ukweli akiwa peke yake, nikamwomba asiwaambie nyinyi. Mama yako nimemwambia jana usiku. Yale aliyosema siwezi kuyaandika kwenye karatasi iliyo juu ya kitabu cha nyimbo. Kwa hivyo ujue. Hukuniangusha wewe, wala furaha. Ulikuwa unanishika mshipa kila siku, na mshipa hauwezi kukuambia kuwa chupa ni tupu na mwenye chupa ni mwongo.

Ndiyo sababu hata ukibaki hutaniweka hai. Utanitazama tu. Kuniweka hai ni kazi yangu, na nimeianza. Chupa sasa inakaa mezani, karibu na chumvi, kila mtu aione. Joto la Septemba likija nitakuwa shambani kabla jua halijatoka, na jua likipanda nitakuwa ndani, nimelala kama mtoto wa tajiri. Ndengu zipo debe zima. Mnavu mama yako ameshapanda kando ya mto. Wakati wa kutayarisha shamba, vijana wa Mzee Mutisya watashika plau, mimi nitasimama kivulini na kuwaambia wanakosea. Kazi hiyo naiweza hata moyo ukiwa nusu.

Na mshipa? Mama yako amejifunza. Amekuwa akikuchungulia miaka yote hii akijifanya anachagua mahindi. Leo asubuhi, ulipoenda kuteka maji, alinishika mkono, vidole vitatu, macho amefumba, amekunja uso kama jaji.

"Inasemaje?" nikamuuliza.

"Inasema bado uko, kwa bahati mbaya."

Unaona? Niko katika mikono mizuri.

Nilimuuliza Daktari Lin siku walipokuwa wanavunja kampi kama furaha ni hatari hivyo, niishi bila furaha? Akasema hapana, moyo bila furaha hukauka, ni vibaya zaidi. Akasema furaha nzuri ya moyo ni ile ya polepole, kama makaa, inayopasha sufuria siku nzima. Nimeitafuta hiyo furaha miaka mingi. Nilidhani ni redio. Halafu nilidhani ni ng'ombe wa maziwa. Sasa nimeijua: ni kukaa kivulini Oktoba, vumbi kila mahali, mtu apite aulize, "Baba Mumbua, msichana yuko wapi?" nami nijibu polepole, bila haraka, "Yuko Uchina, anasomea mioyo." Aulize tena kwa sababu hakuamini. Nijibu tena. Hiyo ndiyo dawa ninayoitaka, na wewe ndiye pekee unayeweza kuniandikia.

Lakini nakujua. Una jina la mama yangu na kichwa chake. Utasoma haya yote, ulie, ukunje karatasi vizuri, kisha uje useme, "Nimekuelewa Baba, lakini siendi." Kwa hivyo sikutegemea kalamu peke yake.

Ile lori ya mkaa ya jirani iliyopita leo alfajiri ukiwa mtoni, ilibeba sanduku lako. Mimi na mama yako tulilipakia pamoja. Sweta zote, viatu, vyeti, Biblia, hata blanketi lako. Kufikia sasa liko Nairobi kwa shangazi yako, naye nimemwagiza asilitoe kwa mtu yeyote isipokuwa mwenyewe afike kwa miguu yake. Pasipoti iko ndani ya bahasha hii, nyuma ya karatasi ya mwisho. Ukitaka kubaki Kilungu utabaki na gauni hilo moja ulilovaa, na baridi haijaisha.

Nimemaliza, njoo uchukue kikombe. Na ukilia, usilie kwa sauti, mama yako atadhani nimekufa.

Baba yako,
Mutinda